Mrefu ndani ya Mazda Roadster: nafasi ya kichwa niliipata chini ya makalio, si kwenye paa

Mrefu wa Sahare (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naleta uzi huu kwa sababu ningeupata mimi miaka miwili iliyopita, ungeniokolea pesa na maumivu ya kiuno.

Mimi nina urefu wa futi 6 na inchi 4, yaani sentimita 193. Gari ni Mazda Roadster ya 1999, ile ambayo kwa soko la nje inaitwa MX-5, kizazi cha pili, NB. Wanaoijua wanaelewa. Gari dogo, jepesi, viti viwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Niliipenda tangu nikiwa mdogo na sikuwa tayari kuambiwa "wewe mrefu, hilo si gari lako". Siku ilipofika Tanga niliizungusha kutoka Chumbageni hadi Raskazone, na niliposhuka shingo ilikuwa imekakamaa upande mmoja.

Hali ilikuwa hivi. Turubai likifungwa, utosi unagusa chuma cha paa. Likifunguliwa, macho yangu yapo sawasawa na fremu ya juu ya kioo cha mbele, kwa hiyo barabara naiona kwa kuinama. Usukani hauendi popote, maana kwenye NA (kizazi cha kwanza) na NB haupandi, haushuki, wala hausogei kwako. Goti la kushoto likinyanyuka kutoka kwenye klachi linakutana na usukani. Siti imerudi nyuma mpaka imegota ukuta wa nyuma ya viti, hakuna sentimita nyingine ya kuomba.

Nikafanya kama wafanyavyo warefu wote: nikalaza mgongo wa siti. Kichwa kikapata nafasi, nikafurahi. Furaha ile haikufika Muheza. Ukilala, mabega yanaachana na siti, mikono inanyooka kama unavuta ng'ombe, shingo inajikunja mbele ili uone njia. Kila kona unajishikilia kwenye usukani badala ya kuuzungusha. Na kuna jambo zito kuliko maumivu: aliyelala hivyo, gari likigonga, mwili unateleza mbele kwa chini, na mkanda wa kiunoni unapanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga hadi kwenye tumbo laini. Nyonga inahimili mkanda, matumbo hayahimili.

Kosa la pili liligharimu zaidi. Fundi mmoja alinishauri tukate miguu ya reli za siti, tuishushe, tuchomelee upya. Nikakubali. Siti ilishuka kweli, na kwa wiki mbili nilijiona mshindi. Kisha kwenye kipande cha vumbi njia ya Pangani nilikanyaga breki kumpisha mbuzi, nikasikia *tak*, na siti ikalala upande wa kulia nikiwa nimekaa juu yake. Weldi ya mguu mmoja wa nyuma ilikuwa imeachia. Mwendo ulikuwa mdogo, mbuzi alipita, nami nikabaki nimeketi mshazari nikitetemeka. Kamba hukatika pabovu, na pabovu nilipatengeneza mimi kwa hela yangu.

Nikatafuta siti nzima ya mtumba kutoka Dar, reli zake hazijaguswa, nikaanza upya. Safari hii nilianza na futi ya fundi seremala.

Nilikaa sakafuni, mgongo na makalio yameshika ukuta, kitabu kigumu juu ya utosi, mke wangu akaweka alama ukutani. Sentimita 101. Mdogo wangu ni mrefu kunizidi akisimama, 195, lakini alipokaa alama yake ilikuwa 96. Yeye urefu wake uko miguuni, mimi uko kiwiliwilini. Tofauti hiyo ya sentimita 5 ndiyo sababu yeye anakaa kwenye Roadster yangu vizuri kichwani na kulalamika magoti, na mimi kinyume chake. Nawasihi, kabla ya kununua chochote, jueni urefu wenu uko wapi. Futi 6 na inchi 4 peke yake haimwambii fundi kitu.

Kwangu jibu lilikuwa chini ya makalio. Sponji ya siti ile ni nene, na ikiwa na umri wa miaka zaidi ya 20 nusu yake ni vumbi la njano. Nikaamua kuichonga.

Bolti zinazoshika reli sakafuni ni nne, kichwa namba 14. Chumvi ya bahari yetu ilikuwa imezifunga. Nilizipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikalala, asubuhi zikaachia bila kuvunja kitu. Msilazimishe. Ukikata bolti humo, tredi za sakafuni ndizo utakazolia nazo. Waya ya mkanda iliyo chini ya siti nilichomoa taratibu. Pachiko la ndani la mkanda kwenye gari hili limefungwa kwenye siti yenyewe, kwa hiyo siti ikishuka au kubaki, mkanda unaifuata.

Nikageuza siti, nikafungua pete ndogo za waya zinazobana kitambaa kwenye fremu, moja moja kwa plaizi. Kitambaa kikatoka kama foronya. Sponji nikaiweka mezani, nikakaa juu yake nikiwa na chaki kwenye mfuko wa nyuma ili mifupa ya makalio ijiandike mahali pake. Hapo ndipo nilipochonga, kwa kisu kirefu cha mkate, kutoka upande wa chini, sentimita 4 sehemu ya nyuma, nikipunguza kuelekea mbele mpaka sifuri chini ya mapaja. Kingo za pembeni sikuzigusa kabisa, maana ndizo zinazokushika kwenye kona. Kwenye mgongo nikatoa sentimita 2, na hizo zilinirudisha nyuma kidogo, magoti yakapumua.

Niliporudisha siti na kukaa, jambo la kwanza nililofanya ni kuunyanyua mgongo wa siti, ukawa karibu wima. Mabega yakakaa. Kati ya utosi na turubai zikaingia vidole vitatu vilivyolala. Macho yakashuka chini ya fremu, nikaiona barabara nzima. Na kiegemeo cha kichwa, ambacho kwenye siti hii kimeungana na mgongo wala hakipandi, kikaja nyuma ya kichwa badala ya nyuma ya shingo. Hilo la mwisho sikulitarajia, na naliona ndilo kubwa kuliko yote. Ukigongwa kwa nyuma huku kiegemeo kiko shingoni, shingo inakunjika juu yake.

Nasubiri michango. Wenye uzoefu wa magari mengine karibuni.

Fundi Siti Ngamiani

Kaka hongera kwa kuandika kwa utulivu. Mimi nashona siti za magari huku Ngamiani, naomba niongeze kwenye sponji, maana hapo umepita haraka.

Ukichonga sentimita 4 halafu ukarudisha ilivyo, mwezi wa kwanza utafurahi, mwezi wa sita utakalia waya. Sponji iliyobaki ni ile ile iliyochoka. Sisi tunachonga zaidi kidogo ya kinachotakiwa, halafu tunabandika tabaka jembamba la sponji nzito, ile ukiibonyeza kwa kidole gumba inakataa. Unene wa sentimita 1 na nusu unatosha. Laini na nene inakushusha sawa na ngumu na nyembamba, lakini ile laini ukipita tuta unagota chini na unarudi juu, kichwa kinalikuta paa. Ngumu inakuacha pale pale.

Jambo la pili, kati ya springi na sponji weka gunia la mkonge. Si nailoni. Waya wa springi unaila sponji kila siku kidogo kidogo, na gunia la mkonge ndilo linalouzuia. Tumekaa Tanga, mkonge uko mlangoni, lakini nashangaa siti ngapi zinaletwa kwangu zimewekewa mfuko wa saruji.

La tatu, gundi isifike sehemu unayokalia. Ikikauka inakuwa kama ukoko wa wali, utaisikia kwenye safari ndefu.

Mrefu wa Sahare

Fundi, shukrani sana. La gunia sikulijua, nimetumia kitambaa cha pazia. Jumamosi naifungua tena.

Kijana wa Kange

Mkuu mimi nina NB pia, futi 6 na inchi 2. Nimeona usukani mdogo wa sentimita 35 pamoja na kipande cha kuusogeza karibu na dereva. Si ni rahisi kuliko kuchana siti? Goti litapita na mikono haitanyooka.

Mrefu wa Sahare

Mdogo wangu, nilikaribia kununua huo huo. Ni kweli usukani mdogo unaliachia goti, na ukisogezwa karibu unaweza kukaa mbali na pedali bila kunyoosha mikono. Kwenye magari ya mashindano wanafanya hivyo kila siku.

Lakini angalia katikati ya usukani wako wa sasa. Kama una eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), ukiutoa usukani umeitoa na eabegi. Mwenye gari la mashindano ameiondoa kwa sababu ana mkanda wa pointi nne au sita, siti isiyokunjika, chuma cha kumkinga gari likipinduka na kofia ngumu. Wewe wa kwenda Pongwe na kurudi una mkanda wa kawaida na eabegi, basi. Ukiondoa kimoja hujaweka kingine.

Na usije ukauacha wa eabegi ukajaribu kuusogeza kwa kipande cha kutengeneza mwenyewe. Waya zake na mahali inapofumukia vimepimwa kiwandani. Inashauriwa kati ya katikati ya usukani na kidari pawe na angalau sentimita 25. Jipime kwa futi, si kwa macho.

Chonga sponji kwanza. Kwa urefu wako huenda hutahitaji kingine.

Mzee wa Mkonge

Vijana, mimi nimeendesha malori ya mkonge miaka mingi, magari madogo haya sijawahi kuyamiliki. Lakini kukaa ni kukaa.

Tulifundishwa hivi. Kanyaga klachi mpaka chini kabisa. Kama goti limenyooka, uko mbali, sogea. Likibaki limekunjika kidogo, hapo ndipo pako. Halafu weka mgongo wote kwenye siti, nyoosha mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono kikae juu ya usukani bila bega kutoka kwenye siti. Kisha ngumi moja kati ya kichwa na paa. Mpangilio ni huo: miguu, mgongo, mikono, kichwa. Dereva anayeanza na kichwa anavuruga vyote vilivyobaki.

Nimesoma ulipolaza siti nikasikitika, kwa sababu wenzangu waliokuwa wakilala hivyo leo wanatembea wameshika kiuno.

Mrefu wa Sahare

Shikamoo mzee wangu. Mpangilio wako ndio niliousahau. Mimi nilianza na kichwa.

Dada wa Muheza

Habari zenu. Mimi ni mwanamke wa futi 6 na inchi 1, nimecheza netiboli tangu shule, urefu wangu wote uko miguuni. Nina Toyota 86 ya 2013. Kichwa hakina tatizo kabisa. Kinachoniumiza ni mapaja, yananing'inia. Nikifika Segera mguu wa kulia una ganzi. Nikivuta siti mbele ili nifikie usukani magoti yanapanda, nikirudi nyuma mikono inanyooka. Fundi ameniambia ninunue siti za mashindano. Mnasemaje?

Mrefu wa Sahare

Dada, kabla ya kutoa hata shilingi, kaa ndani ya gari, pitisha mkono chini ya mhimili wa usukani. Kuna kishikizo. Kishushe. Usukani wa 86 hauishii kupanda na kushuka, unavutika pia kuja kwako. Uvute mpaka mwisho, kifunge kishikizo, ndipo urudishe siti nyuma. Jaribu halafu urudi hapa.

Dada wa Muheza

Nimetoka kwenye gari sasa hivi. Kile kishikizo nilikuwa nakishusha kuupandisha usukani tu, sikuwahi kuuvuta. Umekuja kwangu kiasi kizuri kabisa. Siti nimerudisha vituo vitatu na viwiko vimekunjika. Miaka miwili nimeendesha nikiwa nimejikunyata! Ganzi ya paja nitaijua nikienda safari ndefu.

Fundi Siti Ngamiani

Dada, ganzi ikibaki usinunue siti. Mapaja yakikosa pa kulala, uzito wote unakaa kwenye mifupa ya makalio na ukingo wa mbele wa siti unabana nyuma ya paja. Dawa ni kuinua mbele ya siti kidogo. Angalia kwanza kama siti yako ina marekebisho ya kimo, cheza nayo. Isipotosha, washa nene za chuma (zile pete bapa za bolti) chini ya reli, kwenye bolti zake mbili za mbele, milimita 8 hadi 10, zinabadilisha sana. Siti inainamia nyuma, paja linapata kitanda, nyonga inazama.

Ila bolti lazima iwe ndefu kwa kiasi hicho hicho. Tredi zinazoshika ndani zisipungue unene wa bolti yenyewe, na bolti iwe ya daraja lile lile la ya kiwandani, si ya kuokota dukani ya kufungia mageti. Washa ziwe bapa, zimejaa chini ya reli, reli zote mbili zibaki sambamba. Zikipinda siti haitateleza.

Mrefu wa Sahare

Niongeze hapo kitu kimoja: ukiinua mbele, magoti nayo yanapanda. Kwangu mimi mwenye usukani usiotikisika ingekuwa hasara. Kwa dada ambaye usukani wake unapanda ni faida. Ndiyo maana sipendi kumpa mtu dawa ya gari langu.

Kijana wa Kange

Kaka, swali la mwisho. Kwa mtu mrefu ambaye hajanunua bado, aangalie gari gani? Rafiki yangu wa futi 6 na inchi 5 anataka kuagiza Japani, hatakuwa na nafasi ya kulikalia kwanza.

Mrefu wa Sahare

Hilo ndilo gumu, maana tunanunua kwa picha. Mwambie aanze na usukani kabla ya injini. Honda S2000 ni gari la ajabu lakini usukani wake umekufa pale pale kama wetu. Nissan Fairlady Z ya Z33 unapanda na kushuka pamoja na dashibodi ya saa, lakini hauji kwako. Roadster ya kizazi cha tatu, NC, unapanda na kushuka. ND, kizazi cha nne, ilipotoka 2015 ilikuwa hivyo pia, na ni baada ya maboresho ya 2018 ndipo ikapata usukani unaovutika. Kwa hiyo mtu mrefu akiagiza ND, mwaka wa gari kwake si suala la bei na ushuru peke yake. Toyota 86 mmeshaisikia kwa dada.

Lingine, magari mapya haya yana eabegi za pembeni ndani ya siti zenyewe. Kuchonga sponji kama nilivyochonga mimi kwenye ya 1999 si kazi ya barazani tena. Lazima tamino ya betri itolewe, usubiri dakika kadhaa, na zile soketi za njano chini ya siti zisichezewe na asiyezijua. Kitambaa chake kina mshono maalumu wa kupasuka eabegi ikifumuka. Fundi akikushonea upya kwa uzi mgumu, amekuzibia. Fundi Siti, nisahihishe kama nimekosea.

Fundi Siti Ngamiani

Hujakosea. Siti yenye alama ya eabegi pembeni mimi sishoni upande huo. Nawaambia wateja waziwazi, wengine wanakasirika wanakwenda kwa mwingine.

Mrefu wa Sahare

Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilifungua siti, nikatoa pazia, nikaweka gunia la mkonge na sponji nzito ya sentimita 1 na nusu, nikiwa nimechonga zaidi kama Fundi alivyosema. Jumapili alfajiri nikaondoka: Tanga, Segera, Mombo, kisha kupanda Lushoto, turubai limefunguliwa.

Mlima ule wa Mombo kwenda Lushoto mnaujua, kona juu ya kona, ukuta mkono mmoja na bonde mkono mwingine. Zamani ningekuwa nimeng'ang'ania usukani. Safari hii mwili umeshikwa na siti, mikono inafanya kazi yake tu. Gia ya tatu kurudi ya pili, goti la kushoto linapanda na kushuka bila kugusa kitu. Kwenye kona moja ya kulia, kabla ya Soni, nilihisi gurudumu la nyuma linavyokaa kwenye lami kupitia makalio, kitu nilichokuwa nakisoma kwa watu tu. Nimefika Lushoto kiuno hakijui kama kimesafiri.

Jambo moja bado halijanitulia. Gari la wazi likipinduka, kinachozuia kichwa ni fremu ya kioo cha mbele na chuma cha nyuma ya siti kama umekifunga. Wenye kukimbiza magari uwanjani wanapima kwa mti wa ufagio: unalazwa kutoka juu ya fremu ya kioo hadi juu ya chuma cha nyuma, na kichwa cha dereva lazima kibaki chini yake, wengi wanataka nafasi ya sentimita 5. Yangu haina chuma cha nyuma bado. Nimepima kwa kushikiliwa ufagio mahali chuma kitakapofika. Kabla ya kuchonga, utosi ulikuwa juu ya mti. Sasa uko chini, sentimita 3. Zinanipungukia 2, na sponji ya kutoa haipo tena. Hatua inayofuata ni kutafuta chuma kirefu kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hili, chenye bolti zake. Weldi hapana.

Kijana wa Kange

Kaka, yangu ilikuja na chuma cha nyuma lakini sijawahi kupima. Naweza kuja kwako Jumamosi?

Mrefu wa Sahare

Karibu, mdogo wangu. Baada ya alasiri, pale Raskazone upande wa baharini. Beba ufagio wenye mti ulionyooka, wangu umepinda. Na vaa viatu unavyoendeshea, si ndala, tutaanza na klachi.